Makali ni Kazi ya Mwenyewe

Sajini mstaafu Aloysius alikuwa na maradhi ya kukagua, na hakuna daktari aliyeyaweza. Maisha yake yote ya jeshini alikuwa mtu wa stoo. Buti, blanketi, sufuria, majembe, kila kitu kilichoingia kambini kilipita mikononi mwake, na kila kilichopita mikononi mwake kilitoka na dosari. Alipostaafu akajenga nyumba Kasese, si mbali na kambi, akakodi kipande cha shamba la mpunga kule Mubuku, na ukaguzi ukahamia nyumbani. Alikagua nyanya za mkewe. Alikagua mahubiri ya padri njiani kurudi kutoka misa. Mkewe Nabirye, Msoga mpole wa sauti lakini si wa moyo, alikwisha kuzoea. Akitoka sokoni aliweka kikapu mezani, akavuta kigoda, akangoja hukumu.

Katika stoo yake mzee alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko amri zote za Mungu: ukitumia, umepokea. Askari akirudisha buti kwa madai kwamba zinambana, Aloysius alizigeuza akatazama soli. Akiona tope, mazungumzo yameisha, na askari ataendelea kubanwa. Nyumbani sheria ikawa ileile. Nabirye aliwahi kununua sufuria lenye ufa, akaugundua baada ya kuinjika maharage. Alipotaka kulirudisha dukani, mzee alimzuia mlangoni. "Umepika?" akauliza. "Umepokea." Wakala maharage yanayonuka moshi mpaka kipupwe kikapita, naye akiyasifia kwa kila kijiko.

Katika nyumba hiyo mtu mmoja tu alikuwa akicheka hadithi zake za stoo, tena akicheka kwa dhati: binti yake wa mwisho, Pretty. Wakubwa walikwisha kutawanyika, na simu zao zilikuwa fupi. Pretty alifanya kazi ya uuguzi katika zahanati moja ya Bwera, lakini kila Jumamosi alirudi, akakaa ukingoni mwa baraza, akasema, "Baba, nielezee tena yule wa blanketi." Na Aloysius alimweleza tena yule wa blanketi. Alimpenda mtoto huyu kupita kiasi, na kwa kuwa hakujua pa kuupeleka upendo wenyewe, alimkagua viatu.

Basi siku moja alitokea mfua chuma wa Bwera aitwaye Nzanzu, aliyekwenda zahanati na mkono ulioungua na Pretty akaufunga. Kijana alirudi kubadilishiwa bandeji. Mkono ukapona, naye akaendelea kurudi, hata wagonjwa wengine wakawa wanampisha kwenye foleni kwa kumwonea huruma. Mwishowe akaja Kasese na ujumbe wake: amu yake Kataliko, aliyetoka upande wa Butembo na aliyemfundisha kufua, na shangazi yake Geneviève, mama wa vitenge, aliyekaa kwenye kiti kama anakinunua.

Kataliko hakuwa mtu wa kunyenyekea. Alijisifu kuanzia getini. Alieleza kwamba hakuna lori lililokufa kati ya Bwera na Beni ambalo springi yake haikupita kwenye moto wake. Kisha akafungua kitambaa, akaliweka mezani panga.

"Afande," akasema, "kwetu mutoto wa muhunzi akitafuta bibi, haanzi na mbuzi. Anafua kisu yake mwenyewe, na mukono yake, anamuletea baba ya mutoto. Njo hii."

Aloysius alivaa miwani. Watu wengine wangeona zawadi, na wengine wangeona posa. Yeye aliona kitu kimeingia stoo.

"Nitaikagua," alisema. "Ikipita, tutaongea mambo ya huyu msichana. Ikifeli, mtarudi na panga yenu na kijana yenu, na hiyo habari imekwisha. Tumeelewana?"

Pretty, aliyekuwa akimimina chai, alisimamisha birika. Nabirye alimtazama mumewe kwa jicho ambalo angekuwa kijana lingemtia homa. Lakini Kataliko alicheka kwa kuridhika kabisa.

"Kagua tu, afande. Kagua vile unapenda."

Mzee alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa panga. Lilikuwa butu kama kijiko cha uji.

"Hii haina makali," alisema, na furaha ilimpanda mpaka masikioni, maana hakutegemea kupata dosari mapema hivyo.

Nzanzu, aliyekuwa amekaa na mikono magotini muda wote, ndipo akafungua kinywa. "Makali ni kazi ya mwenyewe, afande. Sisi hatuitiake."

Aloysius alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeona uvivu wa kila kabila. Wakapatana kwamba wageni watarudi Jumapili ya wiki inayofuata kusikia majibu.

Kwa kweli, majibu alikuwa nayo tayari. Bwera si mbali, mtu anakunywa chai Kasese na jasho la kikombe halijakauka ameshafika. Lakini mzee alipoilaza akilini, Bwera ikawa mpakani, na mpakani ikawa Kongo, na Kongo haina mwisho. Alimwona Pretty akiwa mke wa moshi na mkaa, Jumamosi zake zote zikiwa za watu wengine. Aliogopa. Angeweza kumwambia mkewe hivyo, kwamba anaogopa, na mkewe angemshika mkono. Badala yake alilichukua panga, akaanza kazi.

Alilining'iniza kwa kamba, akaligonga kwa kijiko, akasikiliza. Lililia vizuri, sauti moja ndefu isiyokwaruza, ishara kwamba chuma hakina ufa. Aligonga tena upande wa pili kwa matumaini. Lililia vizuri zaidi. Akalilaza juu ya kidole atafute mizani yake, likatulia pale linapotakiwa kutulia. Akafumba jicho moja, akatazama mgongo wake kuanzia mpini hadi ncha. Ulikuwa umenyooka. Akalikunja juu ya goti mpaka akasikia goti likilalamika, akaliachia, likarudi kama lilivyokuwa. Goti halikurudi mara moja.

"Mpini," akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na aliyemuuliza. "Mpini ni wa mti wa kahawa, na umeelemea kushoto."

"Imefeli, Taata Pretty?" Nabirye aliuliza kutoka jikoni.

"Mpini peke yake haiwezi kufelisha. Kitu cha kukata inakaguliwa kwa kukata."

Hapo ndipo alipokwama. Panga butu halikati, na ukaguzi usio na jaribio ni umbea. Mtu mwingine angelirudisha butu vilevile akasema silitaki. Lakini Aloysius hakuwahi kukataa kitu pasipo haki, na heshima yake yote ilisimama hapo: dosari zake zilikuwa za kweli daima, hata alipozitafuta kwa tochi. Aliinuka kwenda kutafuta kinoo. Hakufika mbali. Pretty, aliyeomba ruhusa kazini wiki nzima, alikuwa amesimama nyuma yake na kinoo mkono mmoja na kopo la maji mkono mwingine.

"Nilijua utavihitaji, Baba."

Mzee aliguswa. Aliona mafunzo yake hayakupotea bure.

Alinoa mchana kutwa, barazani, huku Pretty akidondosha maji na kusikiliza habari ya yule wa blanketi. Alinoa upande mmoja kwa mizunguko midogo, akageuza, akanoa wa pili, akifuta na kupima kwa ukucha. Kinoo kilikuwa kikitoa sauti tamu, na ukingo wa panga ukaanza kung'aa kwa mstari mwembamba. Jirani yao Atim, koplo wa polisi, alipita akasimama kutazama. "Afande anaitia makali sana," alisema. "Ni kama ameipenda." Aloysius alimjibu kwamba kazi ni kazi.

Kesho yake alilipeleka Mubuku. Mtaro wa maji kwenye shamba lake ulikuwa umezibwa na matete ambayo panga lake la dukani lilikuwa likiyabembeleza tu. Panga la Nzanzu liliyapitia kwa pigo moja moja. Akahamia kwenye vichaka vya ukingoni, kisha kwenye kisiki kilichomshinda tangu akodi shamba. Alipokumbuka kwamba anafanya ukaguzi, mtaro wote ulikuwa unapitisha maji, na alikuwa ameanza kusafisha wa jirani. Alikaa chini akalitazama lile panga kwa chuki. Makali yalikuwa palepale. Katika maisha yake hakuwahi kushika panga lililofuliwa vizuri namna hiyo, na alijisikia mnyonge, kama mtu aliyeshitakiwa na shahidi wake mwenyewe.

Jumapili, baada ya misa, wageni walifika. Aloysius alikuwa amevaa koti. Panga lilikuwa mezani, limefunikwa kwa kitambaa chake kilekile, kama lilivyokuja. Hakungoja chai.

"Nimekagua," alianza, akasimama. "Chuma ni sawa, sitasema uwongo. Lakini mpini imeelemea kushoto. Alama za nyundo zinaonekana hapa mgongoni, inaonyesha haraka. Ile pete ya shingo ya mpini haikukaza vizuri. Tena ililetwa butu, na mimi najua kitu ikiletwa butu maana yake nini. Kwa hiyo, kwa heshima, panga imefeli. Mtaichukua."

Alikaa. Alimtazama Pretty, kwa kuwa alitegemea machozi, na alikuwa amejiandaa kwa machozi. Pretty alikuwa akitazama kucha zake.

Kataliko hakukasirika. "Ni kweli," alisema. "Mupini ni mubaya. Minamwambiaka huyu mutoto kila siku. Nyundo pia, ni kweli, iko na haraka." Akafunua kitambaa, akalishika panga, akaligeuza kwenye mwanga wa mlango. Akapitisha kidole gumba polepole kwenye ukingo, akakiondoa upesi. Damu ilichomoza kidogo. Alikinyonya kile kidole, huku uso ukimng'aa.

"Afande, nani alitia hii makali?"

"Nani tena?" Aloysius alivuta koti. "Katika hii nyumba nani mwingine anajua kunoa? Pande mbili, pembe sawa, kutoka shingo mpaka ncha. Hiyo huwezi kuipata Bwera."

"Kweli, sijapata," Kataliko alisema kwa unyoofu. Akampa panga Geneviève. Naye aligusa ukingo, akalilaza mapajani, akapiga kigelegele kimoja kirefu kilichowaamsha kuku wa Atim, akaanza kufungua kifurushi cha vitenge.

"Mama anafanya nini?" Aloysius aliuliza.

"Anatoa vitu vya mama mukwe," Kataliko alijibu. "Afande, kisu ya kuposa, kwetu, inatokaka kwa moto bila makali. Baba akikatala, anairudisha vile ilikuja, butu, na sisi tunaenda na amani. Baba akiinoa, amemupokea kijana. Maneno mingine yote, mupini, nyundo, iko masolo, mazungumuzo tu."

Mzee alihisi kiti kimelegea chini yake.

"Hakuna aliyeniambia."

"Nilikuambia, afande," Nzanzu alisema kwa adabu. "Makali ni kazi ya mwenyewe."

Aloysius aligeuka pole pole kumtazama binti yake, na kinoo chake, na kopo lake la maji, na wiki yake nzima ya ruhusa. Pretty aliinua macho. Hakuwa anacheka. Alikuwa anaomba.

Lakini askari hajisalimishi kwa mara ya kwanza. "Hiyo ni sheria ya kwenu," alimwambia Kataliko. "Hapa ni Kasese. Hapa kwangu sheria yenu haifanyi kazi."

"Haya," Nabirye alisema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake muda wote, mikono imekunjwa. "Tuache sheria ya kwao. Taata Pretty, ule mtaro wa Mubuku ulifyekwa na nini?"

Mzee alianza kufunga vifungo vya koti.

"Na kile kisiki?"

Alitazama dari. Dari haikuwa na la kumsaidia. Alizikumbuka buti zote alizopata kuzigeuza, nyuso za vijana waliotembea na malengelenge mpaka Karusandara kwa sababu ya tope kidogo kwenye soli. Hakumhurumia hata mmoja. Kama angeikana sheria leo, basi wale wote walikuwa wameonewa bure, na maharage yale pia.

"Umekata?" Nabirye alimsaidia, kwa sauti yake ya upole.

"Nimekata," Aloysius alisema.

"Basi?"

"Basi nimepokea."

Pretty alivuka sebule akapiga magoti mbele yake, akaegemeza paji la uso kwenye mikono yake. Mzee alitaka kusema neno la kijeshi, akaliacha. Alimshika kichwa. Kwa muda alikuwa na uchungu mtupu, wala hakuuficha, na Geneviève akaacha vitenge vyake akatazama pembeni.

Hatimaye alijikohoza, akainuka, akalichukua panga mapajani mwa yule mama. Alilipima mkononi, akamgeukia Nzanzu.

"Chuma nimepokea," alisema. "Mpini sijapokea. Mpini nimekataa. Utatengeneza mwingine, na utaleta hapa nikague. Jumamosi."

"Ndiyo, afande."

"Usije peke yako. Mnakuja wawili. Huyu anajua kushika maji."

"Ndiyo, afande. Na kama mpini mpya utapita?"

Aloysius alivaa miwani, akautazama ule mpini wa kahawa, ambao kusema kweli ulikaa mkononi mwake kama aliozaliwa nao.

"Hautapita," alisema.