Asiyetulia Hatokei

Mume wangu ni mpiga picha, na kwa miaka ishirini na sita amekula kwa neno moja: tulia. Anawaambia wanaokuja kupiga picha za pasipoti, anawaambia maharusi, anawaambia hata watoto wanaonyonya. Yeye mwenyewe hajatulia tangu nimjue. Chai anakunywa amesimama.

Jumatatu binti yetu alipata kazi mji wa mbali, aondoke Jumamosi. Akashusha albamu zote achague picha ya baba yake ya kwenda nayo. Alipekua mpaka ya mwisho, hakuna. Kinyozi hajinyoi. Kwenye picha ya siku aliyoanza shule kuna kivuli cha baba yake tu, kimelala mchangani kimeshika kamera.

"Baba, hutokei hata moja," akasema.

Baba mtu akainamia kamera yake. Ningeweza kumjibia, maana hata kliniki na kwenye vikao vya wazazi alikuwa hatokei, lakini nilikuwa na pini mdomoni. Mimi ni fundi cherehani, na pini zimeiokoa ndoa hii mara nyingi.

Mtu mwingine angekaa akapigwa picha, yakaisha. Huyu wangu, thubutu.

"Nimpe mwanangu picha kama ya kitambulisho? Nitatokea wanne kwa mpigo."

Alhamisi mchana akaziba madirisha ya sebule kwa mablanketi yangu yote. Akanieleza kwamba kwenye giza jicho la kamera linaachwa wazi dakika nzima. Ukikaa mahali bila kutikisika, linakushika, ukihama, linakupoteza. Kwa hiyo angekaa kitini sekunde kumi na tano, ahamie mlangoni, apande juu ya kabati, amalizie chini ya meza. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu.

Picha ya kwanza vilitokea viatu. Ya pili, viatu na tumbo.

"Nani alikutuma ujikune?" nikamuuliza.

Ya tatu alipiga chafya juu ya kabati, akashuka na mlango wake.

Ya nne miguu ilikuwa inaniuma. Nikavuta kigoda nikakaa pembeni, pini mdomoni, nikawa nahesabia puani. Akaifungua picha kwenye kompyuta. Kumbe pale nilipodhani ni pembeni ndipo katikati. Nimetokea mzima mzima, kila pini inahesabika, na kunizunguka kuna moshi mara nne, wenye miwani.

"Umeniharibia," akasema.

"Mimi nimekaa tu."

"Ndiyo hivyo. Umekaa."

Binti yetu akaja kuiona. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, "Naichukua hii."

"Hiyo imeharibika, mama. Mimi sionekani."

"Unaonekana, Baba. Ndivyo ninavyokukumbuka. Mama amekaa, wewe unapita."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliuma. Mume wangu akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua akaifuta tena. Nilimhurumia, na mimi si mwepesi wa huruma.

Akaitega kamera ijifunge yenyewe baada ya dakika moja, akaja akakaa sakafuni katikati yetu.

"Hesabu," akaniambia.

Nikahesabu. Kwenye ishirini pua ilianza kumwasha, niliiona inavyocheza. Hakuikuna. Kwenye arobaini simu ya mteja ikaita mfukoni mwake, ikaita mpaka ikachoka. Nilipofika sitini kamera ikalia, ta, ikafunga jicho. Mlio huo anaujua kuliko sauti yangu.

Nikasema sitini na moja. Hakutikisika. Sitini na mbili.

Kwenye tisini hivi, binti yetu akauliza kama sasa anaruhusiwa kupumua.

"Tulia," baba yake akamwambia. "Mama yako bado anahesabu."