Mama wa Ukutani

Mwalimu mkuu alikuwa na sababu zake za kufunga chumba cha sanaa, na alizitaja kwenye kikao cha walimu bila kupepesa macho: mitihani imekaribia, darasa la saba hawana pa kufanyia mazoezi, na kuchora hakujampeleka mtu sekondari. Mwalimu wa sanaa akaanza kukusanya karatasi zake. Nani amjibu yule mama? Wanafunzi walimwita Bi Rula, na wala hawakukosea.

Sababu yenyewe hakuitaja. Ilikuwa ukutani. Mjukuu wake wa darasa la nne alikuwa anamchora mama yake mle, kila Ijumaa kidogo kidogo: gauni, mikono, kilemba. Mama huyo ndiye binti wa pekee wa Bi Rula, aliyefariki mwaka jana. Tangu mazishi mtoto hakutamka neno, si nyumbani si shuleni. Na kila bibi alipopita dirishani, marehemu alikuwa amesimama pale, kavaa kila kitu, uso hana. Hebu niambie, mzazi gani ataliweza hilo?

Akaita fundi rangi. Jumatatu fundi akapaka ukuta mweupe pee, akaondoka anapiga mluzi. Jumanne asubuhi mikono ilikuwa imerudi. Akapaka tena. Jumatano likarudi gauni. Darasa la saba wakagoma kukaa upande ule. Mmoja aliapa kwamba yule mama amesogea karibu na dawati lake. Bi Rula akawafokea, huku mwenyewe vinyweleo vimemsimama.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Tangu chumba kifungwe mtoto alikuwa hali chakula. Alikaa tu kitandani, kidole kikichora hewani, na daktari alishasema akiendelea hivyo atalazwa.

Alhamisi fundi akakwangua ukuta kwa ukucha, rangi ikabanduka kipande kizima. "Ala! Mama, huku kuna nta! Rangi ya maji haishiki kwenye nta hata nipake mara mia. Mbona hukuniambia?"

Angemwambiaje, naye hakujua? Mwalimu wa sanaa ndiye aliyeeleza, taratibu, kama mtu anayeogopa kuumiza. Darasani kwake watoto wakishachora kwa makaa, husugua mshumaa juu ya mistari ya kile wasichotaka kipotee.

"Wengine husugua mara moja tu," alisema. "Huyu wako alimaliza mishumaa mitatu."

"Na uso? Mbona hakumwekea uso?"

"Nilimuuliza. Akaniandikia kwenye karatasi kwamba ameanza kuusahau."

Bi Rula alitafuta kiti, akakaa. Baada ya msiba alifungia picha zote za marehemu, akapiga marufuku hata jina lake kutajwa, eti anamkinga mtoto. Kumbe alikuwa anamnyang'anya mama yake mara ya pili. Aliona aibu hadi akashindwa kumtazama mwenzake.

Akaenda mwenyewe nyumbani kumchukua mjukuu, akamshika mkono hadi pale ukutani. Akaokota kipande cha makaa. Maskini, tangu azaliwe hakuwahi kuchora hata kuku! Alichora macho, moja likapanda juu kuliko jingine. Akachora pua, ikatoka kama kiazi. Machozi yakamzidi, lakini aliendelea.

Mkono mdogo ukamshika kiganja.

"Bibi, siyo hivyo."

Sauti ilikuwa ikikwaruza, ya mtu aliyekaa mwaka mzima bila kuitumia. Bi Rula aliganda. Aliogopa hata kupumua, asije akaikatisha.

Mtoto akachukua makaa, akafuta ile pua kwa kiganja. Kisha akageuka, akamtazama bibi yake usoni, polepole, kwenye nyusi, kwenye mashavu, kwenye kidevu.

"Pua ya mama ilikuwa kama yako," alisema. "Kaa hapo, bibi. Usisogee."