Viti Vinne vya Frednand

Frednand, wakala wa forodha pale Rusumo, alirudi kwao Mbuba kwa mbwembwe zake zote, akatandaza picha za ndege mbili mbele ya mama yake na majirani waliokuja kumsalimu. Zote za injini moja, viti vinne. Cessna, alieleza, mabawa yako juu na haiogopi kiwanja cha vumbi. Diamond mabawa yako chini, lakini inakunywa mafuta kidogo. Achague ipi?

Jirani mmoja mwenye udongo wa shamba vidoleni akaichukua picha ya Cessna aitazame.

"Mzee, utaichafua!" Frednand akampokonya. Mzee akaficha mikono yake kwapani.

Mama yake, Theodosia, akauliza, "Ipi inaweza kulaza mgonjwa?"

"Mama, hizi ni za kutembelea tu."

"Basi nunua yoyote, mwanangu. Ila safari za kwanza uwapakie wale wanne waliombeba baba yako kwa machela mpaka barabara ya lami, mvua inanyesha, na wewe simu hupokei. Si unawafahamu?"

Tangu mazishi ya baba yake, Frednand hakuwahi hata kuuliza ni akina nani. Aibu ikampanda mpaka masikioni, picha ikamponyoka.

Yule mzee akainama, akaiokota, akaifuta kwa shati lake, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Anza na huyo," mama akasema.