Springi Fupi za Adela

Calvin aliweka springi mbili juu ya meza ya gereji. Moja ilikuwa ndefu, imeshika kutu. Nyingine fupi, nyekundu, mpya kutoka Dar es Salaam. Akamtazama Adela kama mtu anayejua kwamba hatasikilizwa lakini lazima aseme.

"Dada Adela, kukata springi mimi sikati. Ukikata, gari linadundadunda, na siku moja springi inachomoka mahali pake ukiwa kwenye kona. Kwa hiyo zimebaki njia mbili. Hizi nyekundu na shokapu zake fupi: tukifunga tumefunga, gari limelala moja kwa moja. Au shokapu za kurekebisha, zile zenye ringi ya kuzungusha. Leo unashusha, kesho ukibadili mawazo tunapandisha."

"Sitabadili."

"Gari linapita wapi?"

"Kwenye lami. Nyumbani na kazini, na Mbeya nikipata likizo."

"Na kwenu, Chala?"

"Huko siendi," alisema Adela. "Funga nyekundu."

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, walisema wahenga, lakini siku hiyo Adela hakuwa na sikio la wahenga. Alikuwa mpima ardhi mjini Sumbawanga. Vijijini alikwenda kwa gari la ofisi, refu kama ghala. Hili dogo jeupe lilikuwa lake peke yake, na alitaka liinamie barabara, lishike kona bila kuyumba, vijana wa stendi waligeukie. Kijiji cha kwao, nje kidogo ya Chala, hakuwa amekikanyaga tangu miaka mitatu nyuma. Mama yake, Cornelia, alizikwa mwezi wa mvua. Mwaka haujaisha, baba yake, mzee Fabiani, akamwoa Rozina, mjane wa kijiji jirani. Adela alihudhuria misa ya ndoa, akatoka kanisani kabla ya chakula, akapanda basi. Tangu hapo salamu zote zilipitia kwa kaka yake Leonsi, aliyefanya biashara mpakani Kasesya.

Gari lilipotoka gereji, kati ya tairi na madigadi havikupita vidole viwili. Calvin aliuliza springi za zamani azipeleke wapi.

"Wape wanaokusanya chuma chakavu."

Mwezi wa sita, upepo wa baridi umeshaanza kupiga juu ya Ufipa, Leonsi alipiga simu asubuhi, Adela akiwa ofisini.

"Baba ameanguka shambani. Mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki. Mimi nipo Kasesya, hata nikitoka sasa sitafika mapema. Pikapu ya pale kijijini imekwenda Namanyere, na pikipiki haiwezi kumbeba mtu wa namna ile. Wewe ndiye uliye karibu."

Gari la ofisi lilikuwa Matai na wenzake. Adela alichukua ufunguo wa lake.

Mpaka Chala lami ilimbeba vizuri. Alipoacha lami, mambo yakabadilika. Matrekta ya mavuno yalikuwa yamechimba mifereji miwili, na katikati pameinuka tuta la udongo mkavu, gumu kama tofali. Gari lilikwaruza tumbo mara ya kwanza, akapunguza mwendo. Likakwaruza tena. Mara ya tatu lilikaa juu ya tuta, magurudumu ya mbele yakazunguka bure. Alirudi nyuma kwa taabu, akazima injini, akashuka. Mbele yake njia ilipanda taratibu kati ya mashamba ya ulezi mpaka kwenye mikaratusi, na nyuma ya mikaratusi ndiko kwao. Kwa miguu si mbali. Kwa mgonjwa ilikuwa ni mbali sana.

Akaanza kutembea, karibu kukimbia. Hajafika nusu ya njia, aliona watu wakishuka. Wanaume wanne walibeba kitanda mabegani, na kando yake alitembea mwanamke aliyejifunga khanga kiunoni, ameshika shuka lisipeperushwe na upepo. Alikuwa Rozina.

"Shikamoo," alisema Adela.

"Marahaba. Tumeona tusikusubiri. Leonsi aliwahi kuniambia gari lako limelala chini sana, nikajua hapa halitapita."

Alilisema bila kulaumu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Adela angependelea alaumiwe. Aliingiza bega chini ya kitanda pamoja na wale wanaume, wakashuka.

Kumwingiza mzee kwenye gari kulikuwa na kazi yake. Kiti kilikuwa chini mno; mwili wake mrefu ulipaswa kukunjwa kama gunia, na upande mmoja haukutoa msaada wowote. Ilibidi Rozina apige magoti kwenye vumbi, aunyanyue mguu ule mzito kwa mikono miwili, na kuuweka ndani kidogo kidogo. Kisha akaingia nyuma, akapitisha mikono pande zote za kiti, akamshika mume wake kifuani asiinamie mbele.

Shokapu zile fupi hazikusamehe kitu. Kila kokoto lilifika mwilini mwa mzee, na kila alipoguna, Adela aliuma meno. Walipofika kwenye lami mzee alitulia kidogo, akafumbua jicho moja, akatamka neno kwa ulimi mzito.

"Cornelia."

Adela alikaza mikono kwenye usukani. Mzee alirudia, safari hii kwa hofu, kama mtoto aliyeachwa sokoni.

"Cornelia. Upo?"

"Nipo," alijibu Rozina kutoka nyuma, kwa Kifipa, kwa sauti ya chini. "Nipo hapa, nimekushika."

Mzee akafumba jicho. Aliita tena mara kadhaa kabla ya mji kuonekana, na kila mara Rozina aliitika, wala sauti yake haikubadilika.

Mzee Fabiani hakufa. Alilazwa hospitali ya mkoa, na aliporuhusiwa daktari alisema asirudi kijijini kwanza: kila wiki ahudhurie mazoezi ya viungo. Hivyo wote wawili, mzee na Rozina, walihamia katika vyumba viwili vya Adela.

Jioni moja, wakichambua maharage jikoni, Adela aliuliza lile lililomkaa kooni.

"Siku ile barabarani, alimwita mama. Ukaitika."

Rozina hakuinua macho. "Mgonjwa akiita, anaitikiwa. Ningemwambia nini? Kwamba mkewe alishakufa? Angefiwa mara ya pili, tena njiani."

"Haikukuuma?"

"Iliniuma," alisema Rozina, akatupa kokoto nje ya ungo. "Mimi nami nilizika mume, Adela. Najua wanavyokaa ndani ya mtu. Sikuolewa na baba yako ili nimtoe mama yako."

Adela aliendelea kuchambua. Machozi yalimdondoka juu ya maharage, na Rozina akamwacha alie, hakumbembeleza, akawasha jiko.

Wiki iliyofuata Adela alirudi gereji, na safari hii hakwenda peke yake. Yeye aliendesha gari; baba yake, aliyeshindwa na kiti kile cha chini, alifuata kwa bodaboda, Rozina akimshikilia kwa nyuma.

"Nataka zile za kurekebisha," alimwambia Calvin. "Ila urefu sitachagua mimi."

Calvin alifunga seti mpya, akazungusha ringi, akaliteremsha gari kutoka kwenye jeki, wakamkalisha mzee. Chini mno, magoti yalipanda kuliko kiuno. Akapandisha. Juu mno, mguu mgonjwa ulining'inia bila kupata ardhi. Akazungusha tena na tena, bila kunung'unika, mpaka mzee alipokaa, akaweka nyayo zote mbili chini, akasimama kwa kujisukuma kwenye mlango kwa mkono wake mzima. Hakuna aliyemgusa.

"Hapa," alisema mzee Fabiani. Neno lilitoka limepinda, lakini lilitoka.

Gari halikuwa tena la kugeukiwa na vijana wa stendi. Lilikuwa chini kidogo tu kuliko lilivyotoka kiwandani, na kwenye kona liliyumba zaidi kuliko alivyopenda Adela. Hilo lilimsikitisha, wala hakuficha kwamba lilimsikitisha.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna ulezi, aliwarudisha kwao. Kwenye tuta la katikati alipitisha magurudumu ya upande mmoja juu yake, polepole, gari limeinama, Rozina akisema kwa midomo sala isiyosikika. Likapita. Walipofika uani mzee alishuka mwenyewe, akasimama ameegemea mlango, akilitazama shamba lililovunwa na majirani.

Adela alibaki ndani ya gari, mikono kwenye usukani. Rozina alizunguka, akainama dirishani.

"Chumba chako kipo. Sikumlaza mtu humo."

"Asante, mama mdogo," alisema Adela, akafungua mlango.