Kidole cha Delko

Gari letu halikuwa limekufa, na hilo ndilo lililonitia hasira. Kila Jado, fundi wetu hapa Muheto, alipopiga kontakti kwa ufunguo, injini ya pikapu ilizunguka kwa nguvu zote mpaka vioo vikatetemeka, kisha ikakataa kuwaka. Kuku walikimbia bure. Nyuma, juu ya godoro, alilala mume wangu Katembo. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mmoja wa mwili pamoja na ulimi. Muuguzi alitwambia wazi: afikishwe hospitali Masisi leo, la sivyo kesho tutakuwa tunaomboleza. Kwenye pikipiki hawezi kukaa, na magari mengine yote yalikimbia zamani.

Pikapu ilikuwa imesimama nyuma ya duka letu miezi mingi, chini ya turubai, tangu vita vilipofunga barabara. Sasa barabara imefunguka, gari nalo limejifunga. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

“Mama Blandine, batri iko nguvu,” Jado alisema. “Labda esanse njo imezeeka.”

Akaimwaga hiyo petroli. Ilinuka kama rangi ya mlango. Tukatia mpya. Akapuliza filta kwa mdomo wake hadi macho yakamtoka, akapiga kontakti, injini ikazunguka tu. Akafungua buji, zile plagi za moto, mojamoja: zimelowa esanse, hakuna hata moja iliyotoa cheche. Mimi nilikuwa nasali Salamu Maria. Nikaikata katikati nimtukane Jado, kisha nikaendelea.

Mwishowe akafungua delko, kile kikombe zinamotoka nyaya za buji. Akachungulia ndani.

“Mama, kidole haiko.”

“Kidole gani?”

“Ka kidole ka ndani. Njo kanagawanyaka moto kwa buji. Na hakakuanguka, Mama. Muntu alikatosha.”

Kimetolewa na mtu! Niligeuka nikamtazama mume wangu, maana nilikumbuka. Wakati wa vita watu wenye bunduki walikuja kuichukua pikapu hii. Walizungusha, wakazungusha, wakatukana, wakaondoka. Nikamwashia Bikira Maria mshumaa. Katembo akacheka. Nilipomuuliza anacheka nini, alinijibu: “Kile haujue, hawawezi kukupiga mpaka ukiseme.” Nikadhani ni kasiksi, pombe yake ya ndizi, iliyokuwa inazungumza.

“Papa Katembo!” nilimfokea mgonjwa wa kiharusi, Mungu anisamehe. “Ulikiweka wapi?”

Mdomo wake ulitetemeka, mate yakatoka. Macho yake yakaenda juu kilimani, kwenye malisho ya jirani yetu Kayitare, yakabaki huko. Nikadhani anaaga. Niliogopa sana, nikamfuta mate, nikakimbilia dukani.

Nilipekua makopo ya misumari, magunia ya maharage, viatu vyake vya misa, hata chini ya sanamu ya Bikira. Hakuna. Jado naye alichonga kidole cha mti, akakifungia kipande cha shaba. Pikapu ikakohoa mara mbili. Nikapiga kigelegele! Papo hapo kidole kikapasuka, nami nikabaki mdomo wazi mbele ya majirani.

Ndipo akaja Mukantabana, mke wa Kayitare, na kibuyu cha maziwa, kwa sababu kwao mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Alinikuta nimeketi chini katikati ya misumari. Nikamweleza. Akaweka kibuyu chini, akaketi kando yangu.

“Kale kachuma? Papa Katembo alikaleteaka bwana yangu. Alisema: muntu wanaweza kumupiga, lakini nani atauliza ng'ombe? Kayitare alikashonea mu mukanda ya kengele ya Gaju.”

Gaju ni ng'ombe aliyekuwa akitangulia kundi lao. Nikaruka wima. “Twende basi! Gaju iko wapi?”

Mukantabana hakuinuka.

“Mama Blandine, umesahau? Walipokosa gari yenu, walipanda kwetu. Walibeba ng'ombe yote. Gaju njo alitangulia.”

Furaha ilikuwa imenisahaulisha. Nililia naye siku ile. Nilichokuwa sijui ni kwamba waliondoka na pikapu yetu shingoni mwa ng'ombe, wao wenyewe bila kujua. Katembo alijua. Tangu siku ile hakucheka tena, na kila jioni aliuliza kama barabara ya Goma imefunguka, akanunue kidole kingine. Nami nilimwambia ameanza kuzeeka.

Nilirudi garini nikamwambia, “Tumejua, Papa. Kwa Gaju.” Jicho lake zima likatoa chozi.

Wanaume walifunga kipoyi, machela ya mianzi, wakamweka begani, tukaondoka kwa miguu. Njia ya Masisi inapita kati ya malisho, na ukungu ulikuwa umeshuka, kwa hiyo ng'ombe hatukuwaona, tulisikia kengele tu. Kengele ya kwanza ilipolia, mkono wake mzima ulinibana hadi pete ikaniumiza.

“Tusimame, Mama?” waliuliza wabebaji. “Labda njo ile?”

“Tembeeni!”

Nilijua si Gaju. Gaju ameliwa, au yuko milima asiyoijua mtu. Hata kama angekuwa yeye, pikapu tuliiacha nyuma sana. Lakini kengele ililia tena, na tena, na kila mara Katembo alinibana mkono, nami kila mara nilisema tembeeni, tembeeni, nikiwachukia ng'ombe wote wa dunia hii.

Karibu na Lushebere kengele moja ililia karibu kabisa, pembeni mwa njia. Nikangoja anibane; vidole vyake vikalala tu mkononi mwangu.

Nikawaambia wasimame.