Kipande cha Nyumba ya Saba

Naapa kwa kaburi la mama yangu, na kwa meno yangu manne yaliyobaki, kwamba haya ni kweli tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Najua ninavyosemwa hapa Kastanovrisi, kijijini kwetu milimani Ugiriki. Eti nikisema mvua inanyesha, watu hutoa kwanza mkono dirishani. Wacha waseme. Habari hii ya kyra Evanthia, yaani bibi Evanthia, sikuitia chumvi hata punje.

Evanthia alikuwa na miaka sabini na miwili, magoti mabovu, mbuzi sita, na pete moja isiyokuwa yake. Pete ilikuwa ya marehemu mumewe, Menelaos. Alimvua kidoleni kabla maiti haijapanguswa kwa divai, akaitia kwenye uzi mweusi, na tangu siku hiyo ikakaa kifuani mwake, ndani ya nguo.

Kila asubuhi aliwasha kandili mbele ya picha takatifu za ukutani, akaishika pete, akasali Baba Yetu. Ila alisali kama mtu anayeruka dimbwi. Akifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, alivuta pumzi, akaruka, akatua upande wa pili. Aliruka hivyo miaka minane. Na kwa kuwa hakuwa mnafiki, miaka minane hakupokea Komunyo. Jumapili alisimama nyuma kabisa karibu na mlango, na wenzake walipojipanga mbele ya kikombe yeye alitazama sakafu. Padri Lambros alipomuuliza, alijibu kwamba tumbo linamsumbua. Padri akasema ni tumbo la siku nyingi hilo, akamwacha.

Aliyekuwa ndani ya dimbwi ni Polyxeni, wa nyumba ya juu. Huyu ndiye aliyesimama nyuma ya Evanthia siku ya arusi na kuwabadilishia pete mara tatu, ya bwana kwa bibi na ya bibi kwa bwana. Kwetu mtu wa namna hiyo anaitwa kumbara, na ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Basi hao ndugu walikuja kugombana juu ya mlozi uliosimama mpakani, nani aokote lozi za upande gani, na maneno yaliyosemwa yalitosha kuukausha mlozi wenyewe. Wiki moja baadaye theluji ikaanguka siku mbili, simu zikakatika, na asubuhi ya siku ya tatu Menelaos akashika kifua chake akaketi chini jikoni. Gari pekee lililokuwa kijijini ni pikapu ya Polyxeni, yenye minyororo magurudumuni. Evanthia akapanda na theluji mpaka magotini, akagonga. Taa ilikuwa inawaka ndani. Akagonga kwa mikono miwili, akaita jina. Akaona pazia likitikisika. Mlango haukufunguliwa. Aliporudi, Menelaos alikuwa bado ameegemea kabati, macho wazi, lakini hakuwa akitazama kitu.

Hilo ndilo lililokuwa dimbwini. Sasa wewe niambie kama ungeliruka au ungelikanyaga.

Mwezi wa Kumi wa mwaka jana, siku ya Jumatatu, Evanthia alikwenda kwenye chemchemi kufua mablanketi ya baridi. Jioni alipopeleka mkono kifuani, hakukuta pete wala uzi. Alichekecha majivu ya jiko. Akapekua godoro. Akainama zizini na kuchambua mavi ya mbuzi kwa vidole, kwa maana mbuzi hawa hula hata soksi. Magoti yakamvimba. Aliyempitia kesho yake asubuhi alimkuta ameketi juu ya ndoo, uso umejaa majivu. Evanthia alimwambia kwamba mume wake amekufa mara ya pili, na mara hii yeye ndiye aliyemwacha.

Aliyempitia ni Grigoris, dereva mstaafu wa basi, mtu mwema sana, ingawa watu humsingizia uongo. Grigoris akamwambia ampikie Mtakatifu Fanourios.

Fanourios ndiye mtafutaji wa vilivyopotea. Unampikia keki isiyo na yai wala siagi, yenye vitu tisa, hupunguzi huongezi. Inabarikiwa kanisani, inakatwa, na vipande vinapelekwa kwenye nyumba saba. Ukiisha kufanya hivyo, kilichopotea kinarudi. Na ukiipika unamwombea mama yake Fanourios, kwa kuwa husemwa mama huyo alikuwa mwanamke mkali na mchoyo kupita kiasi, na mtoto hakuomba kingine ila mama asamehewe.

Shida ilikuwa hesabu. Mwezi wa Nane watu wa Athene hujaa huku na redio zao. Mwezi wa Kumi wamekwisha shuka, na nyumba zinazotoa moshi ni nane. Toa ya Evanthia mwenyewe. Zinabaki saba, na ya Polyxeni ni mojawapo.

Jumapili ya kwanza alikwenda nyumba sita tu. Kwa Grigoris akatoa viwili. Akasema wewe una tumbo la watu wawili, chukua na hiki. Grigoris akapokea. Pete haikurudi.

Jumapili ya pili alipika tena. Kipande cha saba akakiweka kwenye kizingiti cha nyumba ya watu wa Athene iliyofungwa kwa kufuli, akijisemea kwamba nyumba ni nyumba. Mbwa wa mchungaji akakila kabla hajafika nyumbani. Pete haikurudi. Siku hiyo Grigoris alimkuta uani akizungumza peke yake, anamlaumu mtakatifu.

"Anajua kuhesabu huyu," akasema. "Watakatifu wengine wanapokea unachowapa. Huyu kama karani."

"Si umpelekee tu?" akasema Grigoris. "Keki kidogo. Hata kama ni ya kumsonga koo."

"Nikipanda kile kilima mara ya pili, Grigoris, nitapanda nimebebwa."

Jumapili ya tatu alipika kwa hasira, unga ukaruka mpaka kwenye kandili. Padri Lambros aliibariki keki kama siku zote, lakini siku hiyo kanisani walikuwa watu watano tu na hakuwa na haraka, kwa hiyo akatia maneno ya kwake. Akasema tumkumbuke mama wa Fanourios, ambaye maskini walikuja wakagonga na yeye akakaa ndani kimya. Evanthia alikuwa ameyasikia hayo tangu utoto wake. Ila siku hiyo aliusikia mlango. Akahesabu kichwani. Miaka sitini amekuwa akimwombea msamaha mwanamke asiyemjua, aliyekataa kufungua mlango. Sitini. Na hajachoka.

Hakufurahi. Mtu asije akawaambia kwamba moyo wake ulijaa nuru. Alitoka kanisani amekasirika kama mtu aliyepigwa kumbo sokoni na asijue ni nani.

Alasiri mvua ilikuwa nyembamba. Alipeleka vipande sita upesi upesi, kisha akakifunika cha saba kwa kitambaa na kupanda nacho kilima. Magoti yalimlilia. Alipofika akasimama, akainua mkono. Alikuwa amegonga mara moja tu mlango ukafunguliwa. Polyxeni alikuwa tayari nyuma ya mlango, amekonda, nywele zimebaki chache, na chumba kizima nyuma yake kilinuka dawa ya kuchua.

"Nimekuona kuanzia kwenye kona," akasema Polyxeni. "Mara hii nimefungua."

Evanthia alishika sahani kwa nguvu. Aliniambia baadaye kwamba kama isingekuwa sahani, angemshika shingo.

"Ulinisikia siku ile," akasema.

Hapo ndipo mtu mwingine angesema sikusikia, nilikuwa nimelala, nilikuwa mgonjwa. Evanthia alikuwa amejiandaa kwa uongo wote huo, na jibu la kila mmoja analo. Polyxeni hakutumia hata mmoja.

"Nilikusikia. Nilidhani umekuja kwa ajili ya mlozi. Nikasema moyoni, aache agonge, mikono imuume. Ulipoita jina langu nikajua si mlozi. Nikatafuta ufunguo wa gari. Nikauona. Halafu nikaona haya kufungua baada ya kukuacha muda wote ule. Nikakaa. Ndivyo ilivyokuwa, kumbara."

Neno hilo alikuwa hajaitwa nalo miaka minane.

"Kwa ajili ya haya," akasema Evanthia.

"Kwa ajili ya haya."

Mvua ikaendelea. Evanthia angeweza kugeuka, na nani angemlaumu? Alifunua kitambaa, akasukuma sahani mbele.

"Kula."

Polyxeni akala palepale mlangoni, amesimama, machozi yanashuka kwenye makombo. Akatafuna kwa muda mrefu. Akasema sukari ni kidogo.

"Sukari ni ileile. Mdomo wako ndio mchungu."

"Huenda."

Hawakukumbatiana. Evanthia alichukua sahani yake akashuka. Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu, akasimama mbele ya kandili, akaanza Baba Yetu. Alipofika kwenye dimbwi, alikanyaga. Maneno yalipita kooni kama lozi na ganda lake, yakamkwaruza, lakini yalipita. Akayarudia, kwa kuwa hakuamini. Kisha akaketi chini jikoni, pale kwenye kabati, akamlilia Menelaos. Miaka minane alikuwa hajamlilia. Hasira ilikuwa imekalia kiti hicho. Alilia mpaka mbuzi wakaanza kumwitikia, na alipokwisha akasikia njaa, akakaanga mayai mawili, akalala kama mtoto aliyeogeshwa.

Asubuhi alipofungua mlango, kunguru mweupe, ndiyo, mweupe, naapa tena, alishuka kutoka mnara wa kanisa, akazunguka paa mara tatu, akaidondosha pete kwenye kiganja chake. Kunguru akainamisha kichwa kwa heshima na kuruka kuelekea mashariki.

Hivyo ndivyo Grigoris alivyosimulia pete ilivyorudi, Jumapili iliyofuata uani mwa kanisa, baada ya Evanthia kupokea Komunyo mbele ya watu wote na Padri Lambros kuuliza kwa sauti ndogo kama tumbo limepona. Watu walikuwa wamemzunguka Grigoris, na alikuwa amefika kwenye ile heshima ya kunguru, Evanthia aliposogea na kigari chake cha kujishikilia anapotembea, kile cha magurudumu alicholetewa na mpwa wake.

"Grigoris," akasema, "huyo kunguru wako anavuta tumbaku?"

Akaitoa pete kifuani, watu wakaiona.

"Pete nimeikuta imening'inizwa kwenye kitasa cha mlango. Ndani yake mlikuwa na nyuzi za tumbaku. Kijiji hiki anayesokota sigara zake mwenyewe na kumwaga tumbaku mifukoni ni mmoja. Ulikuwa nayo tangu lini?"

Basi, kwa kuwa nimekwisha kukamatwa mbele ya mashahidi, sina haja ya kujificha nyuma ya jina. Grigoris ni mimi. Niliiokota Jumanne, siku ya pili, chini ya bomba la chemchemi, na nilikuwa nakwenda kumpa nilipomkuta juu ya ndoo. Ulimi wangu ukataja Fanourios kabla mkono haujatoka mfukoni. Nilitaka tu nione atahesabuje mpaka saba. Mzaha. Kisha akanipa vipande viwili, nikala kipande cha Polyxeni, na hicho kimekaa hapa kifuani mpaka leo. Niliitundika kitasani usiku ule tu aliotoka kwa Polyxeni; wiki ya pili nilitaka kuirudisha, nikaona haya baada ya kukaa nayo muda wote ule.

Nilipoyasema hayo mwenyewe niliyasikia, na Evanthia aliyasikia pia. Alinitazama sana.

"Siku ishirini nimechambua mavi," akasema.

"Lakini umepata amani, kyra Evanthia."

"Hiyo haikuwa mfukoni mwako. Usijipe cheo." Akasogeza kigari mpaka gurudumu likapanda kiatu changu. "Nyumba gani wewe huikanyagi?"

Nikasema hakuna.

"Grigoris."

Kila mtu uani pale alijua. Binti yangu Zafiro, mjini chini, aliolewa na Thrasos, askari wa barabarani, yule yule aliyenipokonya leseni miezi mitatu kwa sababu ya glasi mbili za pombe ya zabibu. Glasi nne. Sikwenda kwenye arusi. Ni miaka kumi na mmoja. Nina mjukuu ninayemjua kwa picha.

Basi adhabu yangu ikawa kupika keki mwenyewe na kuipeleka kwenye mlango huo, nami nililipa. Alinisimamia jikoni kwake siku nzima, fimbo mkononi, nikachekecha unga, nikakamua machungwa, nikahesabu vitu tisa kwa sauti, na wakati ninakanda alinisimulia yote niliyowaandikia hapo juu, ya kandili, ya shingo, ya mayai mawili, neno kwa neno, ili nijue nilichokuwa ninachezea. Polyxeni akaja kuazima chumvi, akaichungulia keki kwenye jiko, akasema inaungua. Walibishana kama inaungua. Iliungua.

Jumatatu nilipanda basi langu la zamani, nimeketi nyuma kama mzigo, sahani mapajani, huku kijana wa siku hizi akikata kona zangu vibaya. Nilisimama mbele ya mlango wa rangi ya buluu, nikagonga. Aliyefungua ni Thrasos, amevaa fulana ya ndani, mvi zimeanza kumtoka. Alinitazama, akaitazama sahani.

"Imeungua," akasema.

"Imeungua," nikasema.

Alipokea sahani akaingia nayo ndani. Mlango hakuufunga.