Ukuta Apimwa Macho

Bweni la wasichana lilikuwa na urithi mmoja mtukufu kupita kombe lolote: wimbo wa ubao wa macho. Dada wakubwa waliutunga, wakawaachia wadogo zao, nao wakaulinda kama mboni ya jicho. Kila mwaka nesi wa afya ya shule alikuja kutoka wilayani na kutundika ubao uleule wa vijiuma vya meno matatu, vingine vimeelekea juu, vingine chini, vingine pembeni. Kila mwaka bweni zima lilifaulu.

Mwaka huu sababu ya kuuimba ilikuwa nzito. Mwalimu wa michezo alishatangaza paredini, "Golini kwangu hakai mtu wa miwani." Na golini alikaa Ukuta, ingawa siku hizi alikuwa ukuta wenye nyufa. Mipira ya mbali ilimtokea ghafla kama shemeji mwenye njaa. Fainali na shule jirani ilikuwa Jumamosi.

"Usiwe na wasiwasi, shoga," rafiki yake Redio alimnong'oneza kwenye foleni. "Imba tu. Juu, kulia, chini, chini, kushoto."

"Nikisahau?"

"Ukisahau, zirai."

Ukuta akasimama kwenye mstari wa chaki, akaziba jicho moja kwa kiganja. Ubao aliuona kama shuka lililomwagikiwa chai. Akaimba wimbo wote kwa sauti ya kula kiapo.

Nesi akashusha fimbo yake. "Hongera, mwanangu. Umekosa zote."

"Zote, nesi?"

"Zote! Asiyeona angebahatisha hata moja. Kukosa zote kunataka mazoezi." Akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Leo nimeutundika miguu juu. Na wenzako wenye macho ya tai wameimba hivyohivyo. Wameamini wimbo kuliko macho yao!"

Foleni nzima ikatazama dari. Redio, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akazimika.

"Nesi, nakuomba," Ukuta alisema. "Ukiniandikia miwani, Jumamosi sichezi."

 Nesi akamvisha fremu nzito ya kupimia, akatia kioo, akakitoa, akatia kingine. Ukuta akageukia mlangoni, alikosimama mwalimu wa michezo akilinda foleni.

"Lo! Kumbe mwalimu ana masharubu!"

Mwalimu akajishika mdomo. "Miaka miwili nakufundisha, hujayaona?"

"Nilidhani ni kivuli, mwalimu."

"Na mpira je?"

"Mpira huwa nausikia."

 Mwalimu akameza mate, na pamoja na mate akameza tangazo lake. "Golini kwangu," alisema kwa heshima zote, "hakai mtu wa kusikiliza mipira. Nesi, hiyo miwani inafungika kichwani?"

"Kwa mkanda wa mpira, inakaa hata akipinduka."

"Basi ije kabla ya Jumamosi."

Ikaja. Ukuta akaingia uwanjani kama rubani aliyeacha ndege nje.

"Bibi, rudi ukafume!" wakapiga kelele wageni.

Timu yake ikiongoza kwa bao moja, dakika za mwisho kabisa, wageni wakapata penalti. Mpigaji akaweka mpira, akarudi nyuma. Na Ukuta akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona maishani: macho ya mpigaji yakichungulia kona ya kushoto, mara moja tu, kama mwizi wa sukari.

Akaruka kushoto. Mpira ukanasa mikononi mwake, paa!

Bweni likamiminika uwanjani likiimba wimbo wa ubao, safari hii limeupindua miguu juu. Mbele alitangulia mwalimu, masharubu yakimetameta jasho. Ukuta, mpira kifuani, aliyaona kutoka golini unywele kwa unywele.